Kifuniko Kimoja kwa Sufuria Kubwa

Wasikilizaji wapendwa, simameni. Aliyelala aamshwe. Anayeendesha gari aegeshe pembeni. Leo dola nzima imeinamisha kichwa. Imeondokewa na mtawala aliyeiongoza kwa miaka thelathini na mmoja bila uchaguzi, bila mapinduzi, na bila likizo hata ya siku moja.

Dola hiyo ina vyumba vinne. Ilikuwa na raia tisa, choo kimoja, na bomba la jikoni linalovuja ingawa baba mwenye nyumba ni fundi bomba. Bendera yake ni kile kitambaa cha kushikia sufuria za moto. Kwa sasa kinapepea nusu mlingoti kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, kwa sababu kibanio cha upande mmoja kimeanguka na hakuna aliyejisumbua kukiokota.

Mnaweza kukaa.

Hiki ni kipindi cha kumbukumbu. Mtangazaji mliyemzoea amepoteza sauti kwa mafua. Kituo kikatazama huku, kikatazama kule, kikaniona mimi, mwanafunzi wa bweni niliye likizo, ambaye kaka yake ndiye fundi mitambo hapa. Kaka yuko mbele yangu nyuma ya kioo. Ameniambia nisome kilichoandikwa na nisitie mbwembwe. Ninasoma kilichoandikwa. Mbwembwe nilishaziandika.

Tunayemkumbuka leo ni bibi yetu, mzaa mama. Mtaa mzima ulimwita Bi Kipimo. Amefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia: Bi Kipimo, miaka sabini na mmoja, mpishi wa nyumba ya watu tisa.

Niwaeleze nyumba yenyewe. Mama ni muuguzi wa wodi ya watoto. Amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na Jumatatu hii anapeleka barua ya kuacha kazi. Lishikeni hilo, nitalirudia. Baba ni fundi bomba. Mjomba, mdogo wake mama, ni mwalimu wa hesabu, na mkewe ni mshonaji, anashonea pale pale nyumbani. Wana mapacha wa miaka sita wanaokula kama wamelipwa kula. Kaka yuko hapa redioni. Halafu kuna mjukuu mmoja wa kike, aliyepelekwa shule ya bweni kwa faida ya elimu yake na ya amani ya nyumba. Huyo hatutamtaja sana. Ukimjumlisha Bi Kipimo, unapata tisa.

Asubuhi nyumba hiyo haikukalika. Mmoja anatafuta soksi, mwingine anagonga mlango wa choo, wa tatu yuko ndani ya choo anajibu kwa matusi ya heshima. Katikati ya vurugu hiyo Bi Kipimo alisimama jikoni akifunga makopo ya chakula cha mchana. Kila kopo lilikuwa na uzi wa rangi yake. Bluu ya baba, nyekundu ya mama, manjano ya mapacha. Siku moja baba aliondoka haraka akabeba la manjano. Saa saba mchana alikuwa amelala chini ya sinki la mteja, anakula yai lililokatwa umbo la samaki. Alisema lilikuwa tamu kuliko la kwake, akaomba naye akatiwe samaki. Kuanzia siku hiyo alikatiwa.

Lakini jioni ndiyo ilikuwa mali ya Bi Kipimo. Saa moja kamili watu wote mezani. Aliye zamu aliwekewa sahani, ikafunikwa kwa sahani nyingine, ikafungwa kwa kitambaa, na kiti chake kikabaki wazi. Viti vilikuwa vinane. Mjomba alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwa sababu walipiga kura ya vijiti na mtu wa hesabu akashindwa.

Mwaka mmoja baba na mjomba walinuniana kwa ajili ya ngazi iliyovunjika. Wiki mbili hawakusemeshana. Bi Kipimo hakuwasuluhisha. Aliwakalisha ubavu kwa ubavu akaweka bakuli moja la mchuzi kati yao, na kijiko kimoja cha kuchotea. Siku ya kwanza walikula wali mkavu. Siku ya pili wali mkavu. Siku ya tatu mchuzi ulikuwa wa nyama. Baba akasema, "Nisogezee." Mjomba akasogeza. Ngazi haikutajwa tena.

Sasa, jina. Jina la Bi Kipimo lilitokana na kifuniko. Kilikuwa kifuniko cheupe cha chupa ya mafuta ya nywele, na chupa yenyewe iliisha kabla ya mimi kuzaliwa. Kiliishi ndani ya kopo la chumvi. Ukingoni kilikuwa na pengo dogo la kuungua, maana kuna siku kilidondokea karibu na moto. Kifuniko kimoja kwa sufuria kubwa. Alikijaza, akasawazisha kwa kidole gumba, akamwaga, amemaliza. Hakuonja. Narudia kwa sababu ni muhimu: hakuonja kamwe.

Sababu ilikuwa mama yake. Mama yake alipika kwenye nyumba za watu, na kila alipoonja aliambiwa anamaliza nyama ya wenyewe. Bi Kipimo aliyasikia hayo akiwa mdogo, amekaa chini ya meza ya jikoni. Akaapa kwamba kijiko chake hakitaingia mdomoni kabla ya watu kukaa. Na hakikuingia. Alikula wa mwisho.

Mama yake huyo, alipozeeka, akili zilimtoka. Bi Kipimo alimtunza miaka minne. Asubuhi moja aliingia jikoni akamkuta amekaa kando ya sufuria, ametulia, anasubiri kitu kiive. Alipofunua aliona kiatu. Kisa hiki hakukisimulia kwa kucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka. Aliwaambia watoto wake, "Siku nikichemsha kiatu, mniambie. Msinifiche, na msinicheke."

Wasikilizaji wapendwa, kifo hakikumtisha. Alikuwa na hofu moja tu duniani, kuchemsha kiatu.

Mwaka jana, wiki ya mwisho ya likizo, siku ya Alhamisi, maharage yalikuja mezani. Baba alitia kijiko kimoja, akainua glasi ya maji akaimaliza. Mjomba akamaliza jagi. Pacha mmoja akauliza kama leo tunakula bahari. Watu wakacheka, na Bi Kipimo akacheka nao, akasema mkono umeteleza. Ijumaa mchuzi ulikuwa vilevile. Hawakucheka sana. Jumamosi alihesabu kwa sauti jikoni, tukamsikia kutoka sebuleni: "Moja." Jioni chakula hakikulika.

Jumapili mjukuu wa bweni alirudi shuleni, na muhula ukaanza.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama, kwa mke wa mjomba, na kwa ukuta. Ndiyo, ukuta. Bi Kipimo alichukua kipande cha mkaa, na kila alipotia chumvi alichora mstari mmoja pembeni ya dirisha la jikoni. Jioni chakula kilikuja na chumvi ya kuwasha ulimi. Alirudi jikoni akautazama ukuta. Mstari mmoja. Mtu mwingine angesema, basi kosa si langu. Yeye aliona hivi: ametia mara mbili, na ile mara ya pili amesahau hata kuchora.

Akamwita mke wa mjomba aache cherehani, aje akae jikoni amtazame. Mshonaji akakaa na sindano yake mdomoni, akatazama. Bi Kipimo akamuuliza, "Nimetia mara ngapi?"

"Mara moja, Mama."

Jioni hakuna aliyemaliza sahani. Bi Kipimo akamfuata mshonaji akamwambia taratibu, "Unanionea huruma, mkwe wangu." Tangu siku hiyo hakumwamini shahidi yeyote.

Kwenye wiki ya tano alibeba sahani ya maharage hadi chumbani kwa mama, aliyekuwa anavua sare ya kazini. Akaiweka juu ya kitanda. Akasema, "Mwanangu, hiki ndicho kiatu changu."

 Mama alimkumbatia. Kesho yake akamwambia apumzike, ametupikia vya kutosha. Walimwondoa jikoni kwa upole sana, kama mnavyomtoa mtu kitandani akiwa na jeraha. Hakuna aliyemwambia neno baya, na hakuna aliyebishana naye pia.

Nyumba ikala hivyo hivyo. Mama alipika alipopata nafasi, kwa kijiko chake na kwa kuonja, na zamu zilipobana hakupika. Baba alikula maandazi chini ya masinki ya watu. Mjomba alikula mkate akisahihisha madaftari, na makombo yakaingia kwenye madaftari. Mapacha walikula mbele ya televisheni, wakisukumana. Meza ikakunjwa, ikasimamishwa nyuma ya mlango, ikatundikwa makoti. Saa moja kamili Bi Kipimo alitoka chumbani kwake. Alisimama sebuleni, akapatazama pale meza ilipokuwa, kisha akarudi alikotoka. Mama anasema alifanya hivyo kila siku. Narudia: kila siku.

Muhula ukaisha, mjukuu wa bweni akarudi. Bi Kipimo akamwomba mama ruhusa ya kupika, kama mtoto anavyoomba kwenda kucheza. Alisema mke mwenzake amekuja amekonda, na hawezi kumpokea kwa mkate wa dukani. Ndivyo alivyomwita mjukuu huyo tangu azaliwe, wakigombea mume ambaye alikuwa babu, na babu alikuwa amekufa zamani. Mara moja tu, alisema. Mama akakubali.

Baba aliitoa meza nyuma ya mlango. Mjomba akaitafuta ndoo yake. Bi Kipimo alichambua maharage tangu asubuhi, moja moja, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Akabandika sufuria kubwa. Yalipoiva akafungua kopo la chumvi. Akatoa kifuniko, kile cha kweli, akakijaza, akasawazisha kwa kidole gumba. Akakitazama muda mrefu. Halafu akarudisha nusu koponi.

Samahani, wasikilizaji. Kaka amebonyeza kitufe chake. Mliyemsikia akiuliza "kile cha kweli?" ni yeye. Swali zuri. Ni namna ya kusema tu. Naendelea.

Jioni ile watu tisa walikaa. Maharage hayakuwa na ladha yoyote. Mjomba, ambaye akiona kosa lazima alitie wino mwekundu, alisema, "Mama, leo umesahau chumvi kabisa." Hakusema kwa ubaya. Alishaikamata chumvi, anainyunyiza. Bi Kipimo alifungua aproni yake mgongoni. Akaikunja mara nne, akaiweka mezani kando ya bakuli.

"Basi," alisema.

Hakuingia tena jikoni. Saa moja hakutoka tena chumbani. Alikuwa akila vijiko viwili, akisema ameshiba. Wiki ya sita tangu jioni hiyo akapata homa ya mapafu, na baada ya siku tisa akafariki, mama akiwa amemshika mkono. Maneno yake ya mwisho yenye maana, kwa mujibu wa mama, yalikuwa kuuliza kama jiko limezimwa.

Hapa karatasi yangu inasema: tunatoa pole kwa familia, tutafakari, muziki.

Kaka hapigi muziki. Kidole chake kiko juu ya kitufe na hapigi. Anauliza tena, na safari hii mmemsikia vizuri: "Vifuniko vilikuwa vingapi?"

Viwili.

Wasikilizaji wapendwa, vilikuwa viwili. Kaka hakujua. Mama hakujua. Nilikusudia niwasomee mpaka mwisho kwa sauti hii nzuri, halafu nitoke.

Cha pili nilikipata bwenini, kwenye chupa ya losheni ya mwenzangu. Upana uleule, weupe uleule, ila kina chake kinakaribia mara mbili ya kile cha bibi. Nilikwangua maandishi kwa wembe. Nikaunguza pengo ukingoni kwa msumari wa moto, mahali palepale. Nilifanya kazi safi, na niliisifu mwenyewe. Bibi haoni vizuri, na gumba lake lilishakufa ganzi kwa kushika sufuria za moto. Sikumwachia nafasi ya kunigundua.

Ulikuwa utani wa siku tatu. Yeye ndiye aliyenifundisha utani. Kuna siku alinipa yai la kuchemsha, akaweka dau kwamba siwezi kulipasulia kwenye paji la uso. Nikalipasua. Lilikuwa bichi. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Mimi nilikuwa nalipiza yai.

Jumapili mchana ningesimama juu ya kiti, nitoe kifuniko cha kweli mfukoni, na yeye angecheka kuliko wote. Lakini Jumamosi nilipochungulia jikoni nilimwona akihesabu "moja," na uso wake haukuwa wa mtu wa kuchekeshwa. Na baba alikuwa na barua ya mkuu wa shule kuhusu kengele niliyoificha, na alikuwa amesema, "Upuuzi mwingine mmoja tu, na shule ya bweni basi." Nikaogopa. Nikaondoka na kifuniko cha kweli. Muhula mzima kilikaa kwenye sanduku langu bwenini, ndani ya soksi. Cha uongo kikabaki kazini. Nilijiambia kuna watu wazima watano katika nyumba ile, mmoja atakigundua. Hakuna aliyekitazama. Walikuwa wanamtazama bibi.

Nilirudi nikakuta makoti yametundikwa juu ya meza. Asubuhi aliyopika, nilibadilisha vifuniko kabla hajaamka. Hesabu yangu ilikuwa kwamba chakula kitalingana, ataona amepona, na mimi sitasema kitu maisha yangu yote. Sikufikiri kwamba mtu aliyeogopeshwa hutia nusu.

Nilikuwa mlangoni alipomwaga ile nusu. Niliona. Nilitakiwa kusema, "Bibi, jaza." Maneno mawili. Mimi huyu, ambaye darasani naambiwa ninyamaze mara sita kwa siku, nilikosa maneno mawili.

Kaka amevua hedifoni. Ameinuka. Ameondoka kwenye mitambo, ameacha mlango wazi. Sijui nani anarusha matangazo haya sasa, pengine yanajirusha. Basi nitamalizia na mtu mmoja tu. Nyinyi wengine mnaweza kusikiliza.

Mama. Najua redio ya jikoni imewashwa, mimi ndiye niliyekuomba uiwashe, nikitaka unisifu. Tangu tumemzika unachora mistari kwa penseli chini ya ile ya mkaa. Kazini unamwita mwenzako ahakiki kila sindano kabla hujamchoma mtoto, naye akikuambia ni sawa, humwamini. Umeniambia ugonjwa wa bibi yako ulimpata mama yako, na sasa ni zamu yako. Una miaka arobaini na sita. Barua iko juu ya friji. Nimeisoma. Umeandika kwamba unaondoka kabla hujaua mtoto wa mtu.

Usiipeleke, Mama.

Na usiniamini mimi, sina rekodi nzuri. Kifuniko cha kweli kiko hapo kwenye kopo la chumvi. Cha uongo ninacho hapa, msikie ninavyokigonga mezani. Nitakileta. Ukijaze maji, uyamimine kwenye kile cha bibi, uone yanavyofurika. Ufanye mbele ya baba na mjomba. Mimi nitasimama mlangoni, ninapopajua.

Wasikilizaji wapendwa, pole zenu zipelekeni kwa familia. Tumebaki wanane, lakini zigawanyeni kwa saba. Na wewe unayesikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu anayejishuku kwa jambo ulilolifanya wewe, inuka umwambie leo, akiwa bado anakula.

Mama, jana jioni uliniuliza umetia chumvi mara ngapi. Nikasema mara moja. Ukanipapasa kichwa, ukasema, "Unanionea huruma."

Ilikuwa mara moja. Na ile mistari ya mkaa pembeni ya dirisha, usiifute, kila mmoja ni wa kweli. Alitia mara moja, Mama. Kila siku alitia mara moja.